Bendera za Baba Mdogo

Jumanne, 1 Julai
Mazoezi ya mpira wa magongo tena. Mpira hatukuugusa sana. Tulisimama. Baba mdogo amerudi kutoka kozi ya ukocha na bendera tatu. Nyekundu, mabeki tupande. Njano, turudi. Nyeupe, viungo wabadilishane pande. Akiongeza kidole, ni upande wa kushoto tu. Firimbi ikilia mara mbili, kila kitu kinageuka kinyume.
Mimi ndiye nahodha. Niliitikia kwa kichwa. Sikuelewa.

Alhamisi, 3 Julai
Bendera zimefika tano. Nilikuwa cherehanini nakariri rangi, nikashona mkono wa gauni la mteja nje ndani. Aibu.
Zuhura, wifi yangu, alikuja na bodaboda kutoka Makurunge kama kawaida. Huyu ndiye mfungaji wetu. Hawezi kueleza anachofanya. Mpe gongo, atakuonyesha. Leo alisimama na mpira katikati ya uwanja akimtazama baba mdogo. Akanyang'anywa. Zuhura! Sijawahi kuona.

Ijumaa, 4 Julai
Baada ya sala baba mdogo alikuja kula kwetu. Alipanga vizibo vya soda mkekani, kila kizibo mchezaji. Anaeleza, wali unapoa. Macho yanang'aa.
Baba alipofariki, huyu ndiye aliyenilea. Gongo langu la kwanza alilichonga mwenyewe, la mpera. Nitamwambiaje?
Tena mkekani inaeleweka kabisa. Uwanjani siioni. Labda kasoro ni mimi.

Jumatatu, 7 Julai
Zuhura kawekwa benchi. Mechi ni Jumamosi, na timu ya Dar. Mshindi anakwenda kucheza Zanzibar. Wengi wetu hatujawahi kuvuka hata mara moja. Na mfungaji wetu yuko benchi kwa kukosea nyeupe na firimbi.
"Wifi, mimi nafunga magoli, sisomi bendera," aliniambia. Alilia kwa hasira.
Nilitakiwa niseme na baba mdogo. Sikusema. Najichukia.

Jumatano, 9 Julai
Mwajuma, golikipa wetu, aliacha lango wazi. Kisa, njano ilikuwa imegeuzwa. Au haikugeuzwa? Baba mdogo mwenyewe alinyanyua bendera siyo, kisha akatukaripia sisi. Hakuna aliyecheka. Zamani tungecheka mpaka tukae chini.

Jumamosi, 12 Julai
Tumefungwa. Nne kwa moja.
Nusu ya kwanza macho yote kwenye bendera. Wasichana wa Dar walipita katikati yetu kama watu wanaopita sokoni. Tatu bila.
Mapumziko nilimwendea.
"Baba mdogo, weka bendera chini. Muingize Zuhura."
"Unanivunjia heshima mbele za watu?"
"Hapana, baba. Lakini tunakwisha."
Alinitazama. Kisha akamwashiria Zuhura aingie, akakaa, bendera mapajani.
Nikadhani tutafunguka. Wapi! Bila bendera hatukujua twende wapi. Nilijikuta nageukia benchi kutafuta rangi, na rangi hakuna. Zuhura alifunga moja, kwa juhudi zake peke yake. Wao wakaongeza la nne.
Zanzibar basi tena. Sijui nani kaharibu. Yeye au mimi.

Jumapili, 13 Julai
Nimempigia baba mdogo. Hapokei. Zuhura alikuja, akafurahia goli lake, kisha akaona haya kufurahi. Tukamenya mihogo.
Nilikuwa na haki. Mbona najiona mkosaji?

Jumatano, 16 Julai
Nilifika uwanjani nikijua hatakuja. Yupo. Anaokota mawe.
"Shikamoo, baba."
"Marahaba."
Basi. Akatugawa pande mbili, akautupa mpira. "Chezeni."
Mwajuma akauliza, tuchezeje?
"Vyovyote. Tangu nirudi kozini sijawatazama. Leo nataka kuwatazama." Akaketi kwenye tofali.
Tulicheza vibaya. Tuligongana. Mara tatu nilisimama bila sababu. Kisha Mwajuma akaanza kupiga kelele langoni, "Nipe mimi! Nipe mimi!", na mtu akacheka.
Jua lilikuwa limeinama tayari Zuhura alipousukuma mpira nyuma yake, bila kugeuka. Nami nilikuwa palepale.
Sijui nilijuaje.