Seredani ya Nyuki

Poland, 9 Disemba 2025. Leo miezi minane tangu niondoke Uroa.

Mama, shikamoo. Mimi mzima ila miguu, haijapata joto tangu juzi. Mke wangu Nasima na mwanangu Nadra wanaendeleaje? Huku situlii. Mzee mwenye shamba kaenda kukaa kwa bintiye mjini, kaniachia mizinga ya nyuki. Kasema: "Nyuki wakiivuka baridi salama, nakupa ruhusa ukamuone mwanao. Usiwaguse." Basi, kaondoka. Theluji imefika magotini. Naweka sikio kwenye mzinga, nasikia mngurumo mdogo tu, kama mgonjwa anayekoroma. Naingia ndani, natoka tena. Wakifa, sitamuona Nadra mpaka awe anatembea. Nifanyeje?

Mwanao,
Khatib

Uroa, 14 Disemba

Marahaba mwanangu. Sote wazima, alhamdulillahi. Nadra kachukua pua yako, maskini mtoto. Huyo mzee kazaliwa kwenye barafu, atajuaje baridi? Nasima tangu ajifungue namuwekea seredani ya makaa uvunguni kila jioni, na arubaini yake inakwisha kwa salama. Kiumbe ni kiumbe. Watie joto.

Mamako

Poland, 3 Januari 2026

Mama, shikamoo. Nilichukua mzinga mmoja nikauweka bandani, karibu na jiko. Wakaanza kuvuma. Nikafurahi, nikasema mama kweli anajua. Asubuhi wakapita kwenye mwanya wa mlango, wakaenda kutafuta maua. Maua gani? Wameanguka juu ya theluji kama karafuu zilizoanikwa jamvini. Nimewaokota kwa viganja, hakuna aliyeamka. Ile mingine sijaigusa. Tafadhali usinifundishe tena.

Khatib

Uroa, 20 Februari

Mwanangu, hata salamu za Ramadhani? Simu ikilia tu, Nasima anainuka na mtoto kifuani. Mimi nilijua la mzazi, la nyuki sikulijua. Nisamehe. Ile mizinga mingine bado inanguruma? Niambie hilo tu.

Mamako

Poland, 29 Machi

Mama, shikamoo, na mkono wa Idi iliyopita. Nisamehe wewe. Nilitaka kwanza nijue kama watapona. Kila siku nilikuwa natega sikio.

Mzee karudi. Nimemuonesha mzinga mtupu na kumwambia kweli, pamoja na la seredani na arubaini ya Nasima. Kacheka mpaka akaukalia. "Kumbe mamako kawaweka arubaini!" Kisha kanieleza. Nyuki hujikusanya bonge moja, malkia katikati. Hutetemesha miili bila kuruka, hapo ndipo wanapopata joto. Wa nje wakipoa huingia ndani, wa ndani hutoka, na asali wanaila kidogo kidogo. Baridi ndiyo inayowatuliza. Nilipowapa joto walidhani maua yamefunguka.

Juzi jua limewaka, na mizinga yote iliyobaki imetoa nyuki. Walikuwa wamejizuia haja baridi nzima, wakanichafua shati. Sijapata kufurahia shati chafu namna ile.

Ruhusa nshapewa. Mwambie Nasima asilie, na seredani uirudishe jikoni. Nadra atakuwa bado anatambaa: mwezi wa Mfunguo Tatu ukiandama, kabla ya Idi Kubwa, inshallah ntakuwa Uroa.

Mwanao,
Khatib