Mafuta ya Vällingby

Hagsätra, 6 Aprili 2025

Shemeji Gédéon,

Salamu kwako, kwa mkeo Madeleine na watoto. Mimi na mwanangu Christelle ni wazima, Mungu asifiwe. Gari ndilo si zima.

Simu zako sipokei. Kwenye simu wewe unaongea na mimi nalia, kwa hiyo soma.

Jana nimeliwasha gari la mume wangu, marehemu kaka yako Onésime, mara ya kwanza tangu theluji. Limekohoa, likazima. Mpira wa mafuta umepasuka, petroli inadondoka chini. Oktoba nilipokupa ufunguo ukampokee mama yenu uwanja wa ndege wa Arlanda, nilikuambia neno moja: pitia kwanza kituo cha mafuta cha Vällingby, utie petroli ile isiyo na ethanoli. Leo Madeleine ananiambia ulijaza kituo cha mafuta cha karibu na makaburi! Onésime alivuka mji mzima kuifuata, maharage yakipoa mezani. Wewe unakaa Rinkeby, Vällingby ni jirani yako. Hata kwenye kifuniko cha tangi alibandika utepe wa buluu, akaandika kwa mkono wake: «Vällingby tu.» Ulikuwa umefumba macho?

Shemeji yako,
Josiane


Rinkeby, 9 Aprili 2025

Shemeji Josiane,

Nakusalimu. Hapa tuko salama, ila Madeleine amesoma barua yako kabla yangu na sasa ananiita Bwana Ethanoli.

Sikuweka takataka. Pale makaburini tangi lilikuwa limeshakauka, nikatia petroli ya 98, ya bei ya juu kuliko zote pale, nikajaza mpaka juu. Mama hakuturuhusu kamwe kurudisha chombo cha watu kikiwa kitupu, unamjua. Nilipoondoka na gari ndege ilikuwa tayari inatua, ningepita Vällingby saa ngapi? Tena gari lile limezeeka kuliko mchungaji wetu, naye pia anakohoa. Jumapili umenipita mlangoni mwa kanisa bila kunipa mkono, mbele ya Papy na wanakwaya wenzake wote. Mimi niliyebeba jeneza la kaka upande wa mbele! Kwa sababu ya petroli?

Liuze, shemeji. Nitakutafutia mnunuzi.

Shemeji yako,
Gédéon


Hagsätra, 14 Aprili 2025

Gédéon,

Salamu nitaandika siku nyingine.

Bei ya juu! Kwenye pampu yako pameandikwa E5, maana yake ethanoli imo. Ulilipia namba, hukusoma herufi. Onésime alinieleza: ile 98 ni namba ya kuzuia injini isigonge, ethanoli ni habari nyingine. Inavuta maji, na mipira ya magari ya zamani haiipendi.

Fundi Mugambi amekuja, akacheka. «Mama, hii mpira imezeeka tu. Hata ungeweka maziwa ingepasuka.» Haya, umeshinda. Shangilia.

Lakini mafuta yaliyokuwemo kabla ya yako aliyatia Onésime, Jumamosi ile kabla hajaingia hospitali. Alirudi ananuka petroli mikononi, akanimenyea chungwa, na chungwa likanuka. Nikalila. Tangu tumzike mpaka Oktoba, kila Jumapili nililiwasha gari kidogo, nikakaa ndani nikisikiliza. Nilitaka uongeze ya aina ile ile juu ya yake, kama mama anavyoongeza kuni jikoni na moto unabaki ule ule wa asubuhi. Wewe ukayaacha yaishe, ukajaza ya kwako. Christelle ananijibu kwa lugha ya huku, «Mamma, det är bara en bil», ni gari tu. Na wewe unasema niuze. Usithubutu kuniletea mnunuzi hapa.

Josiane


Rinkeby, 25 Mei 2025

Shemeji Josiane,

Amani kwako. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikaichana. Nilikuwa na hasira. Uliniambia «isiyo na ethanoli», hukuniambia «ya Onésime». Ungesema, ningemwacha mama asubiri uwanjani.

Sasa sikiliza. Tulipotoka Arlanda mama alikaa mbele, mkoba magotini. Akauliza tunatembea kwa mafuta ya nani, maana hakutaka kumlemea mtu. Nikamjibu: ya Onésime mwenyewe, hakuna aliyeongeza. Tukauvuka mji. Kisha akasema, «Kumbe mtoto wangu amekuja kunipokea.» Akaweka kiganja kwenye dashibodi, hakukiondoa tena. Taa ya mafuta iliwaka pale kwenye geti la makaburi, ulipokuwa unatusubiri na maua.

Hayakupotea, shemeji. Yalimfikisha.

Sikukuambia kwa sababu nililia njia nzima, nikaona aibu.

Shemeji yako,
Gédéon


Hagsätra, 2 Juni 2025

Shemeji Gédéon,

Salamu kwa Madeleine na watoto, na kwa mama ukimpigia Bukavu. Sisi ni wazima.

Bado nina hasira. Miezi saba ulikaa na neno la mama kifuani, halafu ukaniacha nidhani yameungua bure. Hilo sijalisamehe. Nikisamehe utajua.

Mugambi ameweka mpira mpya na kuyatoa mafuta yako yote. Tangi ni tupu. Jumapili baada ya ibada njoo na jerikeni la mafuta ya Vällingby. Usiniletee ya bei ya juu, soma maandishi kwenye pampu. Na utie wewe mwenyewe, maana unashika vitu kama kaka yako, kidole gumba kikiwa nje.

Maharage yatakuwa mezani. Yakipoa, shauri yako.

Shemeji yako,
Josiane