Nimemshauri Asiyekunywa

Mwenzangu, nimeaibika wodini leo, mpaka sasa masikio yanawaka moto.

Unaijua kazi yangu: majeruhi akiletwa ananuka pombe, nikae naye dakika kumi na tano, tuongee taratibu mpaka aahidi kupunguza. Leo kaletwa mzee kavunjika mguu, shati linanuka kilabu kizima. Nikakaa. Nikamuuliza chupa ngapi kwa siku. Nikamweleza habari za ini. Nikamwambia kabisa, "Baba, sikuhukumu."

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Binti yangu, sijaonja pombe tangu nizaliwe. Mlevi ni yule pale kwenye benchi. Kanigonga na pikipiki, halafu kanibeba mgongoni kunileta."

Dakika kumi na tano, mwenzangu. Kwa mtu asiyekunywa.

Na yule wa benchi alikuwa analia. "Dada, nimesikia yote. Nataka kuacha, niandike."

Nikamwita msimamizi. Akasema fomu za ushauri ni za majeruhi tu, na huyu hana hata mkwaruzo.

Mzee akainua kichwa: "Mwandikeni. Mkingoja mpaka aumie yeye, mguu wangu wa pili hautabaki."

Msimamizi alipoondoka nikamwandika. Penye "jeraha" nimejaza mguu wa mzee.