Eksirei Ilisema Mzima, Mama Mkwe Anazidi Kupotea

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimekwama.

Mama mkwe wangu ni msusi, tunaishi naye, na ananipenda kuliko nilivyotegemea, sasa mwezi uliopita aliteleza bafuni akagonga kichwa, akapigwa eksirei, tukaambiwa mfupa ni mzima, tukashukuru, lakini siku hizi kichwa kinamuuma, anashinda amelala, mguu wa kushoto anauburuza, na juzi kamsuka mteja upande mmoja tu akamwambia, "Haya, umependeza, nenda," mteja akacheka, mimi nikajifungia jikoni nikalia. Daktari anataka apigwe CT skan. Mume wangu anasema, "Picha si ilishapigwa? Huo ni uzee, mke wangu." Wifi anadai mama anadeka tu. Mama mwenyewe anasema haingii kwenye jeneza la mashine angali hai. Na mimi ni mke wa mwanawe tu, nikimburura hospitali si wataniona najifanya mwenye mama? Nifanye nini?

Mkaza mwana

Mkaza mwana,

Pole sana, mwanangu. Lakini mguu unaburuzwa, nawe unatafuta kalamu? Sikungoja gazeti lichapwe, nilikupigia simu. Wasomaji nao wasikie tuliyozungumza.

Eksirei haikusema uongo, ilitazama mfupa. CT skan huonyesha kichwa kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa, daktari akaona yaliyo ndani. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, ikaubana ubongo wiki kadhaa baada ya mtu kuanguka, nyumbani wakadhani kazeeka ghafla. Mama nilitaka aambiwe kwamba mashine yenyewe ni kama pete kubwa, wazi mbele na nyuma, na haichukui muda. Mumeo nilimtumia neno moja: uzee hauji kwa mguu mmoja.

Ukaniambia alikwenda kutafuta gari papo hapo. Mama naye akakubali kuingia kwenye pete, damu ikaonekana, ikatolewa kwa upasuaji siku hiyohiyo. Jana nimesikia mama kaamka anamgombeza mumeo kwa kuja wodini na shati halijapigwa pasi. Nimefurahi mpaka machozi.

Sasa sikiliza. Wifi yako usimsute. Mpe zamu ya kumwogesha mama, alishike kovu la upasuaji kwa mkono wake, atajisema mwenyewe. Kliniki msikose hata mara moja. Na kichwa kikianza kumuuma tena, au akisinzia ovyo, usiniandikie. Mpeleke.