Mutoto wa nyumba haonjewi

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Hapa Songo, mutaa wetu wa Uvira, matope yameshuka toka mulimani mpaka kwenye mulango wangu. Goti linauma, roho inauma, na roho imeshinda goti.

Mimi shule niliishia primaire ya tatu. Mujukuu wangu Furaha ndiye alinifundisha kuandika humu ndani ya telefone. Asiyependa herufi zangu afunge macho.

Amani ameenda Luvungi bila kunywa maji yangu.

Amani ni mutoto wa binti yangu aliyekufa. Nilimulea hajaota hata jino moja, nikamutafunia ndizi kwa kinywa hiki. Sasa ameshika bunduki pamoja na vijana wa mutaa, na leo wametumwa kwenye tambarare, kule bunduki zinakolia. Amefika na wenzake wawili, moto zao, zile pikipiki, zinanguruma inje. Huku kwetu mutu anayeenda safari ya hatari anakunywa kwanza maji ya nyumbani. Nikachota kwenye mutungi, nikamupa kikombe.

Akakishika. Akaangalia ndani. Akasema, "Onja kwanza, Koko."

Kama ingekuwa masharti ya dawa zao za kuzuia risasi, ningenyamaza. Lakini mwenzake mwenye kitambaa chekundu akacheka: "Anaonjeaka wale wa Rwanda, atashindwa weye?"

Nieleze mwenyewe, maana mutaa muzima unaeleza vibaya.

Siku wale waaskari walipoingia muji, vijana walipanda mulima, wengine wakavuka Burundi. Mimi na goti langu tulibaki. Siku ya tatu, saa sita ya muchana, mumoja akaingia katika kiwanja changu, peke yake, midomo imepasuka kwa kiu. Watu wengine wanasema wale ni waasi, wengine wanasema ni Rwanda yenyewe. Mimi sikumuomba karatasi. Alikuwa mudogo kuliko Amani.

"Nyogokuru, mumpe amazi."

Ile luga ninaisikia: koko, nipe maji. Nilikuwa ninapeleka samaki wa ndagala mpaka Bugarama, mbele goti halijaharibika, na Wanyarwanda wa kule walinilaza katika nyumba zao. Ningeweza kumuambia maji hakuna. Nikachota. Na mbele ya kumupa nikaweka kinywa changu, nikameza kidogo, vile mama-mukwe alinifundisha: mugeni unamuonjea, ajue hakuna sumu. Ni desturi ya Wavira, ya Wafuliiru, ya Warundi wa tambarare.

Na yeye aliijua. Alingojea. Hakunyoosha mikono mpaka aliponiona ninameza, halafu akapokea kwa mikono miwili.

Mutu alimulea yule.

Jirani yangu Mama Zawadi aliona kila kitu toka kwake. Jua halijazama, wote walikuwa wanasema maneno yake: "Kumupa maji, sawa, alikuwa na bunduki. Kumuonjea, hayo ni mapendo." Tangu siku ile, nikipita kwenye bomba la maji wanawake wananyamaza. Wanyamaze. Nusu yao niliwazalisha mimi.

Basi leo jibu langu lilikuwa tayari. Nikamuambia Amani mbele ya wale wajinga wake: "Weye umepotea akili? Mugeni ndiye anaonjewa. Mutoto wa nyumba anakunywa tu. Nikikuonjea nimekufanya mugeni."

"Koko, weka tu kinywa."

"Sionji."

"Kidogo tu."

"Sionji, nimesema. Nilikutafunia, nikuonjee tena?"

Akaweka kikombe juu ya kiti, kimejaa vile vile. Akatoka.

Moto zilipopotea nyuma ya nyumba za mutaa wa Kimanga ndipo nilielewa. Hakuogopa sumu. Alisema polepole, kama wakati alikuwa mutoto na homa. Alitaka wenzake waone kama koko yake anaweza kumufanyia yeye kile alimufanyia yule mwingine.

Na mimi nikamunyima.

Adui nilimuwekea midomo. Damu yangu nikamujibu kwa desturi.

Sasa niseme lile ambalo hata padiri sijamuambia. Mimi ni Mukongomani, hakuna mutu wa kunifundisha hiyo. Vita vyao vya zamani vilimumeza kaka yangu, hatukupata hata mwili. Siku wale walipotoka hapa Uvira nilisimama katika barabara na goti langu hili nikaimba mpaka sauti ikakatika. Ninataka washindwe. Ninataka warudi kwao.

Lakini toka siku ile, bunduki zikilia upande wa tambarare, ninajiuliza kama yule kijana iko muzima.

Simupendi. Jina lake silijui. Ninajigombeza kama mutu anavyogombeza mbuzi katika muhogo: toka, toka. Hatoki. Leo Amani alisema wanaenda kukutana na wale. Alipotoka nilianza rozari kwa ajili yake, na katika kumi la kwanza la Salamu Maria sura zilikuwa mbili. Nikaanza upya. Zikawa mbili tena. Na ile isiyo yetu ndiyo iliyokuwa inaniangalia, inangojea nimeze.

Kama wanakutana huko, mumoja akipona ni kwa sababu mwingine hakupona. Hiyo ndiyo niombe? Mungu atanisikiliza namna gani, mimi mwanamuke wa midomo miwili?

Ile shida ya yule kijana sina dawa yake. Ya Amani ninayo. Nimemuita Furaha anisaidie kutuma neno. Nimeandika mwenyewe, herufi kwa herufi: Rudi. Nitaonja. Hata mbele ya wenzako, hata mbele ya Mama Zawadi.

Furaha ameangalia telefone mara tatu. Anasema neno limetoka hapa, lakini kule halijafika.