Pikipiki Inayozima Njiani

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Huku Mafiga tu wazima, na mama amepona mguu.

Kuhusu pikipiki yako inayozima, usinunue betri kwanza. Mwaka niliohitimu chuo, pikipiki yangu nayo ilikuwa ikizimazima. Siku moja ilizima nikimteremsha Mama Felista, mkulima wa karoti, kutoka mlimani. Nikaanza kumhutubia kuhusu betri.

"Msomi," akanikatiza, "mbona inazima ukikata kushoto tu?"

Nilibisha sana. Kisha nikaiwasha tukiwa tumesimama, nikageuza usukani kushoto: ikazima. Waya wa shingoni, pale usukani unapogeukia, ulikuwa umekatika ndani ya ganda, kwa kuwa mimi mwenyewe niliufunga kwa mpira nikaukaza mno.

Sasa niambie, yako huzima ukifanya nini?

Babu yako kwa ukoo, ingawa nimekupita miaka sita tu,
Kosta