Babu Endelea, Sura ya Tatu Tumeitoa

Mwaka mmoja umetimia leo tangu ulipotuambia unajinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, usiamshwe kabla ya saa kumi. Saa kumi tukakuamsha, hukuamka. Mtu uliyekuwa huwezi kumaliza sentensi bila kuongeza nyingine, ukaondoka bila hata kuaga! Haya, tumekusamehe. Wanao wamenikabidhi kalamu mimi mkeo, wakaniambia, "Mama, andika kwa niaba yetu, ila usimseme sana." Nitajitahidi.

Miaka thelathini ulikaa nyuma ya dirisha la posta ukigonga mihuri. Ulipostaafu, wenzako walidhani utafuga kuku. Wewe ukaanza kuandika habari za kuku. Tena kuku anayetaka kuwa kondakta wa basi! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikakuuliza nani atasoma upuuzi huo. Ukavaa koti lako, ukabeba karatasi zako, ukaenda shule ya msingi ya hapo jirani kuwasomea darasa la tatu. Ulirudi kichwa kimekuvimba, maana kila ulipotulia kumeza mate walikuwa wanapiga kelele, "Babu, endelea!" Jina likakuganda siku hiyo hiyo.

Waandishi wengine huenda shuleni kitabu kikishatoka, wakapigwa picha na mwalimu mkuu. Wewe ulikwenda kabla. Hukupeleka hadithi yoyote kwa mchapishaji mpaka ipite mbele ya watoto, na sheria yako ilikuwa moja: "Ukichoka, laza kichwa dawatini. Mwalimu hatakugusa, nimeshaongea naye." Walimu wanakunja uso, watoto wanashangilia. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa, kuhesabu vichwa vilivyolala na kuandika idadi kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Vikizidi vitano, ukurasa unakatwa. Hukubishana nao hata siku moja. Kuna sura nzima uliitolea jasho miezi miwili, wakailalia yote, na tulirudi nyumbani unapiga mluzi. "Wamenisaidia sana hao," ukasema.

Miaka kumi na tisa nilikuhesabia, na miaka yote hiyo nilikusumbua kwa jambo moja. Fundi viatu wa pale kona ulimwandika, ukamfanya mbuzi. Dada yako mshonaji ulimwandika, ukamfanya bata, hakusema nawe mwezi mzima. Mimi je? Ulikuwa unacheka tu, unaniambia, "Wewe bado nakutafutia mnyama."

Hadithi yako ya mwisho tuliikuta mezani, imefungwa kwa uzi. Ni ya tembo anayefanya kazi posta, na nyani anayemkwapulia mzigo wa watu na kukimbia nao. Nilipofika sura ya tatu nilikaa chini. Tembo yuko dirishani kwake, na kila asubuhi anakuja pundamilia mwembamba, mwenye maringo, kununua stempu moja. Moja tu. Tembo anajifanya muhuri umepotea ili mgeni wake akae kidogo. Lo! Nikalia, nikacheka, nikawaita wanao wote wawili waje wasome. Mwenye maringo! Hapo ulinionea. Lakini hatimaye nilikuwa kitabuni, na nilitaka nibaki humo.

Mhariri wako alisema ataichapa hivyo hivyo ilivyo. Nikasema hapana, haijasomewa watoto. Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilikuwa naomba sura ya tatu ipite. Binti yako muuguzi akaomba ruhusa kazini, tukaenda darasa la tatu, wanafunzi arobaini na mmoja. Mwanzoni alisoma kama anayeita wagonjwa kwenye foleni, baadaye akachangamka. Sura ya kwanza, kichwa kimoja. Ya pili hakuna, nyani alikuwa ametoka mbio na mzigo na watoto wamepanda juu ya viti. Ikaja ya tatu. Pundamilia akaingia posta. Kikalala kichwa kimoja, viwili, safu nzima ya dirishani. Kabla hajanunua stempu ya tatu, darasa zima lilikuwa chini.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata wanao wamekijua juzijuzi. Nilidanganya. Niliandika vinne.

Tulipokuwa tunafunga mkoba, msichana mmoja mwenye pengo la mbele akaja kuchungulia karatasi yangu.

"Bibi, umekosea. Tulilala wote."

"Labda wengine mlikuwa mnaandika, mjukuu wangu."

"Wote, Bibi. Hata mwalimu."

Mwalimu akajikohoza, akageukia ubao. Nikamuuliza yule msichana ubaya wa sura ile ni nini. Nadhani alinionea huruma, maana alifikiri kwanza.

"Si mbaya. Ila nyani anakimbia na mzigo, na huyu tembo amekaa anapiga stori na pundamilia. Atamkamata saa ngapi?"

Nilifuta ile nne. Nikaandika arobaini na moja, nikaongeza na mwalimu.

Nyumbani ikawa vita. Mwanao fundi umeme akasema, "Mama, iache. Hiyo ni zawadi ya Baba kwako. Asiyeitaka ataruka kurasa." Mhariri akapiga simu akasema ndiyo sura nzuri kuliko zote, yeye ilimtoa machozi. Nikamwambia wewe una umri gani? Binti yako naye akajitwika lawama kwamba alisoma vibaya, akatafuta shule nyingine yenye mwalimu mwenye sauti tamu. Kule vililala vichwa ishirini na tisa.

Siku tatu nilizunguka humu ndani nimenuna. Nilikukasirikia wewe na sheria zako. Nilijiambia, mara moja tu, jamani, nani atajua? Lakini kila nikipita mezani kwako najua ungefanya nini, tena ungefanya unapiga mluzi. Siku ya nne nikaketi, nikachomoa kurasa zote sita kwa mkono wangu. Iliniuma, sikufichi.

Kitabu kimetoka mwezi uliopita. Tulikipeleka kwa watoto wale wale, sasa wako darasa la nne. Hakuna kichwa kilicholala, si mwanzo si mwisho. Nyani alipokamatwa walipiga madawati mpaka mwalimu mkuu akaja mbio kuuliza kuna nini. Binti yako akafunga kitabu, wao bado wanataka aendelee. Akawaambia hadithi imeisha, na aliyeiandika hayupo tena. Mmoja akasema, "Basi anza upya." Akaanza upya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule pundamilia aliyewahi kupita mle ameenda wapi. Niliona wivu kidogo, halafu furaha ikanijaa mpaka nikatoka nje kupenga kamasi.

Kurasa sita ninazo mimi. Mwishoni mwake umeandika kwamba tembo hakuwahi kujua pundamilia alikuwa anamwandikia nani barua zote zile, na kwamba aliona haya kumuuliza. Miaka arobaini na minne ya ndoa, baba watoto, na hukuniuliza! Basi nakujibu leo mbele ya watu. Hapakuwa na barua. Stempu zote ziko kwenye kopo la biskuti, hata moja haijalambwa. Nilikuwa nakuja kukuona wewe.

Unakumbukwa na binti yako muuguzi na mumewe, mwanao fundi umeme na mkewe, wajukuu zako watatu, dada yako mshonaji, na mimi mkeo.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo.